Majani Yaliyoandikishwa

Gracien, mlinzi wa kilima, alikimwaga kikapu chote cha Victoire chini, kwenye vumbi, kisha akachuchumaa na kuanza kazi yake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mkononi alikuwa na orodha, karatasi iliyofunikwa plastiki, yenye picha kumi na tisa, na kila alipookota jani alilisogeza kwenye picha, akalilinganisha kama mtu anayekagua noti ya dola, halafu akalitupa upande wake wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa wa vitu ambavyo Victoire angerudi navyo nyumbani. Huko hapakuwa na kitu.

"Hii iko namba ine," akasema. "Hii namba tisa. Hii njo ile ya tumbo, namba kumi na mbili. Na hii, Mama Aline, ni lengalenga. Namba kumi na saba."

"Lengalenga ni mboga, Gracien."

"Najua ni mboga. Noella anaipika kwangu. Lakini iko kwa liste."

"Nani anaweka mboga kwa liste?"

Gracien akainua macho, akamtazama vizuri. "Weye," akasema.

Wanawake wanne waliokuwa nyuma wakisubiri kupekuliwa wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha utani. Mmoja akatema mate pembeni. Juu ya kichwa cha Gracien, kwenye ukuta wa kibanda cha walinzi, zile picha kumi na tisa zilikuwa zimebandikwa tena, kubwa, kila moja imepigwa mstari mwekundu. Katika kila picha kulikuwa na jani, na jani limeshikwa na mkono wa kushoto usio na nusu ya kidole kidogo. Mtaa wote wa Songo haukuwa na mkono mwingine wa namba hiyo isipokuwa wa Victoire.

"Na hii," Gracien akaendelea, akiinua kimche kidogo chenye ua la njano na mzizi mweupe, "ni kanyamabuye. Namba moja. Kwa hii peke yake naweza kukufunga."

"Si nilimuosha Noella nayo, mwaka jana tu, alipozaa mtoto wako? Ulikuwa unasimama mlangoni unauliza kama maji iko moto ya kutosha."

"Mwaka jana haikukuwa na namba," Gracien akajibu. Akakitupa kile kimche kulia, akampa kikapu kitupu, akamwita anayefuata.

Kilima chenyewe ni cha mawe meupe, yale ya chokaa ambayo wazee walikuwa wanayachoma zamani wapate kupaka ukuta wa kanisa. Hakina mti, mti hauna pa kushika. Kina nyasi fupi ngumu, na katikati ya nyasi vimea ambavyo huvioni mpaka upige magoti. Ukiwa juu yake unaliona ziwa lote na Burundi ng'ambo. Mwaka jana ulikuja mradi, ukavuta waya kukizunguka, ukasimamisha kibao kwamba eneo hili linalindwa, na ukawaajiri vijana wa hapohapo kulilinda dhidi ya mama zao.

Basi usimcheke Victoire kabla hujasikia. Uvira kila mtu anajua kwamba asiyeandikwa hapati. Mto Mulongwe ulipofurika ukala nyumba, wenye madaftari ya msaada walikuja, na siku wanaandika Victoire alikuwa kwenye matope anatafuta vifaa vya uashi vya mumewe. Aliporudi daftari limefungwa. Waliokuwa na akili waliazima watoto wa jirani, wakapanga mstari na watoto tisa wakati wana watatu, wakapata maharage, sufuria na turubai. Yeye alilala miezi miwili kwenye chumba cha shule na hakupata hata kikombe. Akaapa kwamba daftari lingine halitampita.

Kwa hiyo Agronome Vainqueur, bwana shamba wa ule mradi, alipokuja na daftari lake, akauliza kwa upole ni majani gani ya kilimani ambayo watu wanayatumia, Victoire hakuuliza ni ya nini. Alimwandikisha majani kumi ya kweli, yale aliyorithi kwa mama yake. Kisha, alipoona daftari bado lina nafasi, akaazima watoto. Akaweka lengalenga. Akaweka nyasi ya ufagio, akaweka nyasi ya mbuzi, akaweka hata mchongoma wa njiani, mpaka wakafika kumi na tisa. Kila moja alilishika, Agronome akapiga picha. Miezi mitano baadaye orodha ikarudi, na kumbe ilikuwa orodha ya vilivyokatazwa.

*

Damien alikuwa amekaa kizingitini, na aliona kikapu kabla ya kumwona mke wake.

"Kitupu," akasema.

"Kitupu."

"Na mapasa iko na siku sita."

"Najua kuhesabu, Damien."

"Unajua kuhesabu sana. Mpaka kumi na tisa." Alikuwa anasema polepole, na hilo ndilo lilimchoma Victoire zaidi. "Ungefunga kinywa mara moja tu. Mara moja. Muntu anakuja na kalamu, weye unafungua kinywa kama mutoto anaona uji."

Victoire akakiweka kikapu chini. Binti yao Aline alikuwa amezaa mapasa, mapacha wa kiume, nyumbani kwa wakwe zake, njia tatu kutoka hapo. Siku ya nane alipaswa kuoshwa na kanyamabuye, yeye na watoto wake, na maji yale yamwagwe njiani mbele ya nyumba, mchana, watu waone. Kila mama aliyewahi kuoshwa kwa mzizi ule akipita huchovya kidole cha mguu kwenye hayo maji, akaendelea na safari yake. Ndivyo watu wa kilimani wanavyosema huyu ametoka. Mama wa mapasa ambaye hajatoka anakaa chumba cha nyuma. Hateki maji bombani, hapiki chakula cha watu, na hakuna anayepokea kitu mkononi mwake. Kulikuwa na mwanamke mmoja kule juu ambaye hakuoshwa, na miaka minne baadaye mumewe alikuwa na mke mwingine aliyekuwa anapika.

"Nitapita upande wa mto, alfajiri," Victoire akasema.

"Mutoto wa Déborah alipita upande wa mto. Bamemufunga siku mbili, na mbuzi ikabakia kwao. Weye utawapa nini, sufuria?"

Kabla hajasema zaidi, kitu kikaanguka katikati ya uwanja. Ulikuwa ufagio, umelika mpaka umebaki kishikio na vinyasi vitatu. Déborah, jirani yao, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, alikuwa amesimama kwenye ua. Alikuwa hajaingia kwao tangu mbuzi wake achukuliwe.

"Fagia nayo, Mama Aline," akasema. "Minye nyasi ya ufagio siruhusiwi kukata. Nyasi ya mbuzi siruhusiwi. Siku hizi mbuzi yangu ingelikuwa bado kwangu ingelikula viatu."

"Déborah, minye nilifikiri..."

"Ulifikiri utapewa. Sema tu. Ulifikiri utapewa kumi na tisa na sisi tutakuja kukuomba." Alikuwa na hasira ya mtu aliyekwisha kuirudia hotuba yake akiwa peke yake. "Kesho Agronome anakuja, mkutano kwa hangari ya kanisa. Utasimama, utasema uliongopa. Kama hausemi, watu wa hii njia batakuonyesha."

Akaondoka. Damien akauokota ule ufagio, akaugeuzageuza, akauegemeza ukutani.

*

Jioni ile alikwenda kwa wakwe. Mama Héritier, mama mkwe wa Aline, alimkaribisha kwa kumgeuzia ndoo ya rangi akalie. Viti viwili vya plastiki vilikuwepo hapohapo sebuleni, kimoja kimewekewa nguo za kupiga pasi, kingine kitupu.

"Nasikia umerudi mikono mitupu," Mama Héritier akasema.

"Kesho kutwa bado."

"Kesho kutwa ni siku ya nane, Mama Aline. Haiko bado, iko karibu."

Nyuma ya pazia mtoto mmoja akalia, kisha wa pili akamfuata. Victoire alinyanyuka nusu. Mama Héritier akamwonyesha ndoo kwa kidevu, naye akakaa tena.

"Minye sina ubaya na binti yako," mama mkwe akasema. "Anatandika, anasalimia. Lakini minye nilioshwa, mama yangu alioshwa, na ni mama yako njo alituosha wote wawili. Mapasa mbili banaingia kwa nyumba yangu, halafu mama yao ni mukavu? Watu batasema nini? Bila ile maji, hatoki. Atakaa pale nyuma, nitamupelekea sahani. Héritier ni kijana, sijui atavumilia siku ngapi."

"Na kama batanifunga?"

"Bakufunge baada ya siku ya nane."

Alisema hivyo bila kucheka. Victoire akaomba kuwaona watoto, akaruhusiwa kusimama penye pazia. Aline alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umevimba, watoto kila mmoja upande wake. Alimtazama mama yake mikononi, akaona hakuna kitu, akageukia ukuta.

*

Hangari la kanisa lilijaa mapema. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, isipokuwa Mama Héritier ambaye alikwenda kukaa benchi la kwanza na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Agronome Vainqueur alikuwa na mafua. Hakuwa mtu mbaya, huyo Agronome. Alizaliwa Bukavu, alipenda majani kwa majina yao ya kisayansi, na aliamini kila alichoambiwa. Gracien alisimama pembeni yake na ile orodha ya plastiki.

Walipofika penye maswali, Victoire akasimama. Akashika benchi la mbele.

"Minye niliongopa," akasema.

Agronome akafuta pua. "Uliongopa nini, mama?"

"Liste. Nilifikiri ni ya kupewa. Niliongeza."

Kicheko kilianzia kwa wanaume kikarudi nyuma mpaka kwa wanawake, na Victoire alisimama mpaka kikaisha. Akayataja moja moja. Lengalenga ni mboga, imejaa kila mahali. Nyasi ya ufagio ni nyasi ya ufagio. Mchongoma hakuna anayeutaka hata mbuzi. Kila alipotaja, Agronome alilifuta jina kwenye daftari lake, na uso wake ulikuwa umelowa jasho, kwa mafua au kwa aibu.

"Mama, sikiliza," akasema hatimaye. "Hii orodha ni ya mimea ambayo watu wanaichuma sana mpaka inaelekea kwisha. Kama watu hawaichumi, haina adui. Isiyo na adui sina sababu ya kuikataza. Umenielewa? Basi niambie kweli. Kuna nyingine uliyoongeza?"

Hapo ndipo Victoire alipouona mlango. Hakuwa ameupanga, aliuona tu, wazi mbele yake, na kupita humo kulikuwa na gharama yake. Kanyamabuye mama yake alimwonyesha akiwa na miaka tisa, akipiga magoti juu ya mawe yanayochoma, akamfundisha kukata mmoja na kuacha miwili. Kwa sababu ya mzizi ule watu walikuwa wanamwita mama hata wale waliomzidi umri.

"Namba moja," akasema. "Kanyamabuye. Hiyo nayo ni ua tu. Haina kazi."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote mle ndani walikuwa wameoshwa kwa mzizi ule, na karibu nusu yao kwa mkono huohuo wa kidole kilichokatika.

Gracien akainama kwa Agronome, lakini alisema kwa sauti ya kusikika. "Agronome, anaongopa sasa. Hii njo ya kuosha mama mwenye kuzaa. Binti yake iko na mapasa. Kesho ni siku ya nane."

"Ni kweli?" Agronome akauliza, safari hii si kwa Victoire. Aliwauliza wote. "Kuna mama hapa ameoshwa na hii?"

Victoire alitazama chini. Mtu mmoja tu angetosha. Déborah alikuwa na mbuzi wake wa kulipiza, na wengine kila mmoja alikuwa na kikapu kilichomwagwa.

Déborah akasimama. "Minye sijui hiyo kitu," akasema. "Nilizalia hospitali. Huyu mama hajanigusa hata siku moja, na asingethubutu."

"Hata minye," akasema mwingine. "Anauzaga majani ya uongo. Nani anaweza kumwita?"

"Anaosha nini huyu? Hata sufuria yake haoshi."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliongeza chumvi kidogo, kwa sababu ilikuwa kazi na ilikuwa raha pia. Noella, mke wa Gracien, alitikisa kichwa tu bila kumtazama mumewe. Mwisho akasimama Mama Héritier, taratibu, akanyoosha kitenge chake.

"Mapasa iko kwangu," akasema. "Kwetu batoto banaoshwa na sabuni. Huyu mama hajaitwa kwangu kuosha muntu yeyote. Na haitatokea."

Agronome akaifuta namba moja. Kisha akakunja daftari, akapiga chafya, akasema neno la mwisho: kama Gracien atamkuta mtu yeyote anaitumia ile namba moja, basi yeye Agronome atajua kwamba wote walimdanganya, na orodha itarudi nzima, na lengalenga ndani yake. Watu wakatoka wakizungumza juu ya mboga. Walimpita Victoire kwenye benchi lake kama vile benchi ni tupu, naye alijua wamemsaidia, na alijua vilevile kwamba hawakuwa wanaigiza yote.

*

Asubuhi ya siku ya nane alipanda na kikapu. Alikata mizizi sita, akaacha kumi na miwili, na katika kushuka akamkuta Gracien kibandani.

"Ya nini, kama haina kazi?"

"Ya mbuzi."

"Hauna mbuzi, Mama Aline."

"Nitanunua."

Gracien alikitazama kikapu, kisha karatasi yake. Namba moja ilikuwa imefutwa pale, na kuchuma tu si kutumia, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Akainua kamba apite.

Aliwaosha chumba cha nyuma, pazia limefungwa. Aline kwanza, kichwa mpaka nyayo, akilalamika kwamba yanachoma, kisha watoto, na maji yakageuka njano na harufu ikajaa nyumba nzima. Ni harufu kali ya jiwe lililonyeshewa na ya kitu kama tangawizi, na ukishaisikia siku umezaa huisahau. Mama Héritier alikuwa amesimama muda wote mlangoni, na machozi yalikuwa yamemlenga. Lakini Victoire alipoinua beseni, alimzuia kwa mkono.

"Mwaga nyuma. Kwa choo."

"Maji ya mapasa inamwagwa njiani."

"Najua pahali inamwagwa. Jana nilisimama mbele ya bantu wote nikasema sabuni. Gracien anapita hapa kila asubuhi na pikipiki. Unataka lengalenga irudi kwa liste, njia nzima itulaani?"

"Basi nimemuosha ya nini?"

"Amekwisha kuoshwa. Mungu ameona."

"Mungu hapangi mustari kwa bomba," Victoire akasema.

Kutoka mkekani Aline akaongea, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakuinua sauti. "Kama maji yangu inatoka kwa choo, na minye nitatokaga na kwa choo. Maisha yangu yote. Mama, fanya unavyotaka, lakini usiniambie nimetoka."

Wale mama wawili wakatazamana juu ya beseni. Mama Héritier ndiye aliyeondoa mkono.

Victoire akapita sebuleni, akapita vile viti vya plastiki, akafungua mlango wa mbele. Ilikuwa saa tatu, jua limewaka. Ng'ambo ya njia, bombani, wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye mstari na bidoni, madumu yao ya maji. Akamwaga beseni lote njiani, katikati. Maji yakaenea kwenye vumbi, na harufu ikavuka njia kabla yake. Wanawake wa bombani wakageuka.

Na hapo ndipo pikipiki ya Gracien ilipotokea kwenye kona, Noella ameketi nyuma na mtoto mgongoni. Gracien alifunga breki mbele ya dimbwi. Akazima mashine. Akavuta pumzi, na kila mtu alimwona anavuta.

"Inanuka nini hapa?" akauliza.

Victoire alisimama na beseni tupu. Uongo wote aliokuwa nao alikuwa ameumaliza jana.

Déborah akaitua bidoni yake. Akavuka njia kwa mwendo wake mzito, akafika penye dimbwi, akavua sandali ya mguu wa kulia.

"Sabuni," akamwambia Gracien. Akachovya kidole gumba cha mguu kwenye yale maji, akavaa sandali yake, akarudi bombani. Alimpita Victoire bila kumsalimia.

Akaja wa pili. Akaja yule aliyesema hata sufuria haoshi. Walivuka mmoja mmoja, wakavua, wakachovya, wakarudi, na hakuna aliyemtazama Victoire. Gracien alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Mfukoni mwake, karatasi ya plastiki ilikuwa inachungulia.

Ndipo Noella akashuka. Alishuka polepole kwa ajili ya mtoto, akavua kiatu, akachovya kidole, akasimama hapo muda kidogo zaidi ya wengine. Gracien alimtazama mguu. Kisha akawasha pikipiki.

"Panda," akamwambia. "Nimechelewa."

Akapanda na mguu wake umelowa, wakaondoka, na Gracien alilizunguka lile dimbwi kwa kupita pembeni kabisa, karibu na mtaro.

Mlango wa mbele ukafunguka tena. Aline akatoka, kitambaa kipya kichwani, bidoni mkononi, anatembea kama mtu anayejaribu miguu ya kuazima. Akavuka njia mpaka bombani. Mstari ulikuwa mrefu na hakuna aliyemkaribisha. Lakini Déborah, akiwa bado amempa Victoire kisogo, akaisukuma bidoni yake kwa mguu mpaka pakapatikana nafasi ya bidoni nyingine, na Aline akaweka yake hapo.